Ukingo wa Usukani

Ribiti ya kwanza, pini fupi ya kushikanisha mabati, ilipigwa katikati. Ya pili haikupigwa jirani yake bali karibu na ncha ya juu, ya tatu karibu na ncha ya chini, na kuendelea hivyo kwa kurukaruka. Bati la alumini likipigwa mfululizo kutoka upande mmoja husukumwa mbele kidogo kidogo, na likifika mwisho huwa limepinda bila mtu kuona lilianzia wapi. Bati jembamba kama lile likishapinda ukingoni halinyooki tena. Breki alikuwa ameyasoma hayo kwenye kitabu cha maelekezo mara nyingi kiasi kwamba ukurasa wenyewe ulikuwa umeachia uzi.

Alikuwa akiogopa, na alikuwa na njia yake ya kuogopa: alifanya kila kitu polepole zaidi. Alifuta viganja kwa kitambaa, akainama hadi jicho likawa sawa na bati, akaweka ncha ya nyundo ya upepo juu ya ribiti, akabana pumzi, akabonyeza. Nyundo ililia kwa kifupi. Akaiacha ribiti ikiwa imelala nusu tu, akahamia nyingine. Dada yake mdogo, aliyekuwa amelikandamiza bati kwa mikono yote miwili ili lisirukeruke, alimwambia kwamba kwa mwendo ule wangemaliza yeye akiwa hana jino hata moja kinywani. Breki hakucheka. Alimwomba asogeze kiwiko.

Breki halikuwa jina lake. Alikuwa fundi wa lifti, na wenye majengo walimbandika jina hilo kwa sababu akikuta nyuzi za kamba ya chuma zimekatika kupita kiwango, alizima lifti, akatundika kibao cha onyo mlangoni na kwenda zake, hata kama mwenye jengo anaishi ghorofa ya juu kabisa na ana mama asiyeweza ngazi. Walimbembeleza, wakamtukana, wakampigia simu bosi wake. Yeye aliwaonyesha kiwango kilichoandikwa na nyuzi zilizokatika, akawaachia wahesabu wenyewe.

Ndege ilikuwa ya dada yake kwa wazo na ya Breki kwa mikono. Dada mtu alikuwa rubani wa kunyunyizia dawa mashamba makubwa. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi ya kupita chini ya nyaya za umeme akiwa amebeba tangi la sumu. Sasa alitaka ndege yake mwenyewe, ya viti viwili, isiyonuka dawa. Walikuwa wameijenga katika banda nyuma ya nyumba ya Breki, kipande kwa kipande, na kilichobaki siku ile kilikuwa usukani wa mkia.

Usukani huo ni kipande kinachosimama wima nyuma kabisa ya ndege. Rubani akikanyaga pedali, kinageuka kushoto au kulia, na pua ya ndege inafuata. Kimeundwa kwa mabati mawili yanayoanza yakiwa yameachana na kuishia yakiwa yamekutana juu ya kabari nyembamba, na pale yanapokutana ndipo panapoitwa ukingo. Ukingo ukiwa umenyooka, upepo unaachana na ndege kwa usawa pande zote mbili. Ukiwa umepinda, ndege inavuta upande mmoja. Hilo ni jambo dogo, mguu wa rubani unaweza kulizoea. Jambo kubwa ni mtetemo. Dada yake aliwahi kulieleza mezani, yeye na Breki na mke wa Breki wakiwa wanakula. Kwa mwendo mkali, alisema, kipande chenye kasoro kinaweza kuanza kutikisika, na kikianza hakingoji mtu afikiri. Kinatikisika zaidi na zaidi mpaka king'oke. Mke wa Breki aliweka kijiko chini na hakukiinua tena.

Kitabu kiliruhusu ukingo upinde kwa milimita mbili na nusu, si zaidi. Hakikusema kinachotokea ukizidi.

Kwa ajili ya kazi hiyo Breki alikuwa na kitu ambacho wajenzi wengine wa ndege hawana. Wengine hutumia meza ya mbao yenye bamba la chuma, pamoja na upau mrefu wa alumini wa kunyooshea. Yeye alikuwa na kipande cha reli ya lifti. Reli hizo ndizo zinazoongoza chumba cha lifti kutoka chini hadi juu, na katika maisha yake yote hakuwahi kushika chuma kilichonyooka kuliko hizo. Kipande chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa banda tangu zamani. Aliupiga msasa mgongo wake bapa hadi ukang'aa, akakilaza juu ya benchi, akafunga usukani juu yake ubavu wa kulia ukiwa chini, akapaka gundi kwenye kabari na kuacha ikauke ukingo ukiwa umebanwa pale pale. Kisha akapiga ribiti juu ya reli ile ile. Ilikuwa meza, ikawa fuawe, na kazi ilipokwisha ikawa rula. Alijivunia wazo hilo kuliko alivyokiri.

Mke wake alisimama mlangoni mwa banda akiwa na vikombe, akasubiri nyundo inyamaze. Yeye na wifi yake walitaniana tangu siku ya harusi, na hawakuona sababu ya kuacha.

Alimwambia, "Wifi, siku utakayoanguka, tafadhali usiangukie jikoni kwangu. Nataka kutandika sakafu mpya."

"Nitaangukia chumbani kwenu. Kuna godoro."

"Basi utamkuta kaka yako amelala na hicho kitabu kifuani. Mimi nilishahamishwa."

Ribiti ya mwisho ilipolala, Breki aliinua usukani, akausimamisha, akaiweka reli kwenye ubavu wa kulia wa ukingo, na dada yake akawasha tochi upande wa pili. Walitazama kutoka juu hadi chini. Mwanga haukupenya popote. Dada yake alimpiga begani na kusema kwamba hata kiwandani hawatoi kitu kama kile. Breki aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mkaguzi wa ndege alipokuja, alifanya hivyo hivyo. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, alikagua kila boliti na kila waya, na alipofika kwenye usukani aliuliza wamehakikishaje kwamba ukingo umenyooka. Breki alimletea reli. Mkaguzi aliipenda. Aliiweka pale ilipozoea kukaa, ubavu wa kulia, akatazama, akaikubali ndege. Wiki hiyo hiyo waliipakia kwenye lori, wakaipeleka kwenye kiwanja kidogo nje ya mji na kuifunga mabawa.

Tarehe ya kuruka haikuchaguliwa kwa hiari. Daktari anayewapima marubani alikuwa ameona kivuli katika jicho la kushoto la dada yake. Cheti chake cha afya kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi, na daktari alimwambia waziwazi kwamba hataandika kingine. Aliwaeleza nyumbani kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Alitaka kuipandisha ndege yake mwenyewe mara moja, moja tu. Baada ya hapo atakaa kiti cha abiria kama mzigo, na yeyote mwenye cheti aiendeshe. Wakakubaliana iwe Jumamosi, maana hakukuwa na Jumamosi nyingine kabla ya mwezi kwisha.

Alhamisi mchana Breki alirudi kutoka kazini na kumkuta mke wake amepiga magoti jikoni. Alikuwa ameondoa meza na makabati, amekunjua mpira mpya wa sakafu, rangi ya kijivu, vipande viwili vitakavyokutana katikati ya chumba. Kwa kukatia alikuwa ameichukua reli bandani, akailaza ubavu, akapitisha kisu kando ya mgongo wake. Alikata kipande cha kushoto, kisha akageukia upande wa pili na kukata cha kulia. Sasa alikuwa akivisogeza vikutane.

Vilikutana kwenye ncha. Katikati palibaki uwazi mwembamba, mfano wa jicho lililofumbuka kidogo. Penseli ingepita.

"Njoo uone, mume wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Hii reli yako ina tumbo."

Breki alimwambia kwamba kisu ndicho kilichoteleza. Mke wake alisema kisu hakikuteleza, yeye hukata vitambaa tangu usichana na anajua kisu kinapoteleza. Alisema hivyo kwa uchangamfu, akingoja kubishiwa. Breki alichukua penseli, akailaza reli juu ya saruji pale ambapo mpira ulikuwa haujafika, akachora mstari kando ya mgongo. Kisha akaigeuza reli kwa upande wa pili wa mstari, akazilinganisha ncha, akachora tena. Mistari miwili iliondoka pamoja, ikaachana, ikarudi kukutana. Alipima pale ilipoachana zaidi. Milimita sita. Nusu yake, yaani tumbo la reli lenyewe, tatu.

Alipima tena. Sita.

Mke wake alikuwa ameweka kisu chini. Aliitazama mistari, akaitazama reli, kisha akamtazama yeye. Uchangamfu ulimtoka usoni.

"Si hii mliyotumia kwenye ndege?"

Breki alianza kuifuta mistari kwa kidole.

"Nakuuliza."

"Ndiyo hii."

Alikaa sakafuni, reli mapajani, na akakumbuka ilikotoka, maana aliikata mwenyewe. Ilitoka kwenye jengo moja la zamani ambako lifti ilizidi mwendo na makucha ya usalama yakaing'ata reli, kama yanavyotakiwa kufanya. Watu walioshuka humo walitembea kwa miguu yao. Reli ilibadilishwa, kwa sababu baada ya kung'atwa hivyo hakuna anayeiamini tena. Alikuwa anajua yote hayo siku alipoichukua. Aliichukua kwa sababu ilikuwa reli ya lifti, na reli ya lifti kwake ilikuwa jina jingine la unyoofu. Hakuipima kwa sababu ilikuwa ndiyo ya kupimia.

Na ukingo wa usukani ulikuwa umebanwa juu yake, umekauka gundi juu yake, umepigwa ribiti juu yake, umepimwa nayo, kila mara ubavu ule ule. Kama mtu yeyote angeijaribu ubavu wa kushoto, hata mara moja, ingeyumba kama mizani. Hakuna aliyejaribu, si yeye, si dada yake, si mkaguzi.

Usiku ule alilala vipande vipande. Katika vipande ambavyo hakulala, alifanya hesabu, na hesabu ilikuwa fupi mno kumfariji. Ukingo umepinda milimita tatu. Kitabu kinaruhusu mbili na nusu. Tofauti ni unene wa ukucha. Pengine alumini ilijirudi kidogo ilipofunguliwa kwenye reli, ikawa mbili na nusu kamili. Pengine ndogo zaidi. Alijishika akiwaza hivyo na akaogopa zaidi, kwa sababu aliyajua maneno hayo. Yalikuwa maneno ya wenye majengo. Hivyo ndivyo walivyosema wakiwa wamesimama mbele ya lifti iliyozimwa: pengine fundi amehesabu vibaya, pengine nyuzi mbili tatu si neno, pengine hadi wiki ijayo.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini na kwenda kiwanjani akiwa na uzi wa nailoni, fila na begi lake la zana. Dada yake alikuwa hapo tayari, peke yake, amekalia tairi kuukuu kando ya ndege akisafisha kioo cha mbele kwa kitambaa laini. Ndege ilikuwa nyeupe na imenyamaza. Alipomwona kaka yake hakusimama.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Breki alisema hakuna aliyekufa.

"Wifi amenipigia asubuhi kuniuliza kama nimekula. Tangu aolewe hajawahi kuniuliza kama nimekula. Halafu wewe unakuja Ijumaa saa za kazi. Sema."

Akamwambia. Hakuanza na reli wala jikoni. Alianza na milimita, kisha akarudi nyuma kueleza zilivyopatikana. Dada yake alisikiliza huku kitambaa kikiendelea kuzunguka kwenye kioo, mahali pamoja, pale pale palipokwisha kung'aa. Breki alipomaliza, dada yake alisema jikoni si maabara. Basi wapime ukingo wenyewe.

Breki alifunga uzi kwenye ncha ya juu ya ukingo, ubavu wa kulia, akauvuta hadi ncha ya chini na kuukaza. Kama ukingo umenyooka, uzi ungeugusa kote. Uliachana nao kuanzia robo ya kwanza. Katikati aliingiza fila, yale majani membamba ya chuma ambayo mafundi hupimia nafasi, akiongeza jani moja moja mpaka yakagusa uzi. Akauhesabu unene wake. Tatu.

Alisema atarudia. Akafungua uzi, akaufunga upya, akapima. Safari hii ilikuwa mbili na nusu, kamili, bila kuzidi hata unene wa karatasi. Kitu kifuani mwake kilifunguka. Aliinua kichwa ili aseme, akaona dada yake hatazami fila. Anatazama juu.

"Ondoa kidole," alisema.

Breki alifuata macho yake. Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimeukandamiza uzi dhidi ya bati, pembeni kidogo ya fundo. Hakukumbuka kukiweka. Alikiondoa, na uzi ukaruka kurudi mahali pake.

Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kudanganya kipimo. Alikitazama kidole kile akaona si chake. Hofu aliyokuwa nayo tangu jana ilikuwa ya bati na upepo. Sasa ilikuwa ya mikono yake.

Dada yake alimnyang'anya fila na kupima mwenyewe, akiwa amesimama mbali na ukingo ili chochote kisiguse kitu ila uzi. Alipima ubavu wa kulia. Kisha akahamia wa kushoto, akatafuta tumbo kwa kiganja, akalipata. Alikunja majani ya fila yakarudi ndani ya ala yake, moja baada ya jingine.

"Tatu," alisema.

Kwa muda walizungumza kama mafundi. Je, unaweza kunyooshwa? Hapana, ukibanwa kwa vipande vya mbao na kulazimishwa, ufa unaweza kuanzia kwenye matundu ya ribiti, na ufa ni mbaya kuliko tumbo. Mabati mapya? Yanaagizwa ng'ambo, na yale ya kwanza yalichukua msimu mzima kufika. Usukani wa kuazima? Hakuna ndege nyingine ya aina ile kokote wanakokujua. Kila swali lilipojibiwa, dada yake alitikisa kichwa kidogo kama anayepiga alama ya mkasi. Yalipokwisha, alisema jambo ambalo Breki alikuwa akilingoja.

"Kitabu kina akiba ndani yake, nafasi kidogo ya kukosea. Kila kitabu kina akiba. Hata cha lifti zako."

"Kina. Sijui akiba ya hiki ni kiasi gani. Na wewe hujui."

"Nitakwenda polepole. Mzunguko mmoja juu ya kiwanja, chini ya mwendo wa kawaida. Naijua kazi yangu."

"Ukikutana na upepo wa kukusukuma?"

Alisema, "Shingo ni yangu."

"Ribiti ni zangu."

Dada yake alimtazama, jicho la kulia likifanya kazi yote. Breki aliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa ameanza kugeuza uso kidogo ili lile jicho liwe mbele. Kisha alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, kwamba kama kaka yake anadhani yeye haogopi amekosea sana. Ameogopa tangu alipomwona anaingia getini na uzi mkononi. Aliwahi kurudi nyumbani na kipande cha waya wa umeme kimenasa kwenye gurudumu na hakumwambia mtu. Kuogopa hakujawahi kumzuia kufanya kitu. Kinachomtisha ni kuamka mwezi ujao akiwa mtu aliyejenga ndege na hakuiendesha.

Halafu akapanda bawa, akaingia ndani, akakaa.

Breki alibaki amesimama nyuma ya mkia. Alisikia mkanda ukifungwa. Usukani ulisogea mbele ya uso wake, kushoto, kulia, kushoto. Dada yake alikuwa anakanyaga pedali. Ulisogea laini, bila mkwaruzo, kazi nzuri, na tumbo lile la milimita tatu halikuonekana hata kwa mtu aliyejua lipo wapi. Hilo ndilo lililomkata maini. Swichi moja ililia ndani ya chumba cha rubani, kisha nyingine. Taa ya bawani iliwaka.

"Kaka, ondoka kwenye mkia," alisema dada yake kupitia kioo kilichofunguliwa.

Huenda alitaka tu kuwasha injini na kuisikia. Huenda alitaka kwenda hadi mwisho wa njia na kurudi. Breki alijua pia kwamba mtu akifika mwisho wa njia ya kurukia na ndege yake ikiwa hai chini ya viganja, yaliyosemwa karibu na tairi kuukuu yanakuwa mbali sana. Hakuondoka. Aliinama, akafungua begi, akatoa drili ya betri, akaushika usukani kwa mkono wa kushoto na kuweka ncha ya drili juu ya ribiti ya katikati.

Ilimchukua muda kuibonyeza. Ncha ilikuwa ikitembea juu ya rangi nyeupe, ikichora vijiduara. Kisha ikauma. Vumbi la fedha lilimdondokea kwenye viatu. Kichwa cha ribiti kilizunguka pamoja na ncha, kikang'oka.

Ribiti moja ilitosha. Kuanzia hapo ndege ile haikuwa na ruhusa ya kuruka, na wote wawili walilijua hilo. Lakini Breki hakuweza kuacha. Alihamia ribiti ya pili, ncha ikateleza, ikapiga mfereji mrefu kwenye bati. Alihamia tena. Hakusikia swichi zikizimwa wala miguu ikishuka kwenye bawa. Alichohisi ni kiganja kikimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, na akajikaza kwa ajili ya kusukumwa.

"Toa," dada yake alisema. "Unatetemeka. Utajitoboa."

Alimpokonya drili. Alisimama nayo mkononi kwa muda, akiutazama mfereji kwenye rangi ambayo aliipaka mwenyewe, tabaka kwa tabaka, akiwa amevaa barakoa na kuimba. Breki alifikiri ataitupa. Badala yake aligeuza uso kidogo, jicho la kulia mbele, akailenga ribiti, akabonyeza. Hakuteleza. Akatoboa ya jirani yake, na ya tatu, na ya nne, mfululizo, kuelekea chini. Hakukuwa na sababu tena ya kurukaruka.

"Shika vizuri," alisema. "Linacheza."

Breki alishika. Alikandamiza bati kwa mikono yote miwili na kuhisi kila ribiti ikiachia, kwanza joto dogo, kisha utulivu. Mlinzi wa kiwanja alipita na baiskeli, akawasalimu, akaenda.

Katikati ya ukingo ilipokuwa wazi, dada yake aliomba kisu. Alikipenyeza kati ya mabati mawili na kuyatenganisha kidogo, akaangaza kwa tochi ya simu. Breki aliinama naye. Alitaka kuona kosa. Alitaka kuona gundi iliyobanduka, tundu lililopasuka, kabari iliyohama, chochote cha kuwaonyesha wote wawili nini kingewapata kesho. Gundi ilikuwa imeshika kila mahali, ya rangi moja, bila kiputo. Matundu yalikuwa safi. Kabari ilikaa pale alipoiweka. Mbali na lile tumbo, ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

Dada yake alizima tochi.

"Ingeruka hii," alisema.

"Pengine."

Alitazama njia ya kurukia, ambako soksi ya kuonyeshea upepo ilikuwa imelala chini bila kutikisika. Hali ya hewa ilikuwa nzuri na ingekuwa nzuri kesho pia.

"Pengine," alisema, akaweka ncha ya drili juu ya ribiti iliyofuata.